Sifa za Mafundi wa Kupunguza

Aghalabu watu waisifupo darubini hukisifu kioo chake, na kioo cha Herschel, darubini ya infraredi iliyorushwa na Shirika la Anga za Juu la Ulaya mnamo Mei 2009, kilistahiki sifa kwa upana wake wa mita 3.5, lakini mimi naona sifa zimewapita mafundi wa Chuo Kikuu cha Vienna, walioitungia kamera yake iitwayo PACS programu ambayo muradi wake ulikuwa kupunguza.

Kamera hiyo ilikuwa na vihisi 2,560, vilivyopoozwa hata vikabakiwa na takriban thuluthi ya digrii moja juu ya sifuri halisi, na kila kimoja kilisomwa mara 40 kwa sekunde, hivyo habari zikafurika kwa kadiri ya biti milioni 1.6 kila sekunde. Ilhali fungu ililoruhusiwa kuleta duniani, kutoka umbali wa kilomita milioni 1.5, lilikuwa kwa wastani biti 130,000 hivi kwa sekunde.

Basi kompyuta ya chomboni ilitwaa vipimo vinne vilivyofuatana, ikavifanya kimoja kwa wastani wake, kisha, kwa kuwa kila kipimo hufanana sana na kilichokitangulia, ikahifadhi tofauti tu na kuiandika kwa ufupi. Kazi hii ya pili haina hasara, maana duniani kila tarakimu hurejea kama ilivyokuwa. Ya kwanza ndiyo iliyotaka moyo! Wastani ukishachukuliwa, hakuna mwanazuoni awezaye kuzifufua namba nne zilizouzaa, na aliyeamua hivyo aliamua kwa niaba ya wanafalaki wote watakaokuja, hata wale ambao maswali yao hayajazaliwa bado. Ustadi wa namna hii nauita uaminifu, kwani fundi huyu amekabidhiwa amana ya watu asiowajua.

Tena hawakuficha gharama yake. Herschel ilipofagia mbingu kwa haraka, PACS ikishirikiana na kamera ya SPIRE, vipimo vilivyounganishwa katika mkondo wa mawimbi mafupi vilikuwa vinane badala ya vinne, na nyota iliyopasa kuonekana kama nukta ikavutika kidogo kuelekea upande wa mwendo. Jambo hilo lilipimwa na kuandikwa wazi katika mwongozo wa watumiaji. Heliamu ya kupoozea ilikwisha Aprili 2013 na uchunguzi ukakoma, lakini ramani za Hi-GAL, zilizochora vumbi la Njia ya Maziwa kwa ufagiaji huo huo, zingali zikitumika, na apimaye humo mawingu yazaayo nyota hana budi kuukumbuka mvutiko huo.