Fyuzi Iliyojificha Chini ya Presha Kuka

Sumbawanga maji hayafiki nyuzi 100. Mji uko kwenye kimo cha mita zipatazo 1,800, na hapo maji huanza kuchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mpishi wa maharage uwandani Ufipa hahitaji kipimajoto ili alijue hilo. Gunia lake la mkaa linamtosha kuwa shahidi. Kwa hiyo presha kuka ya umeme ina kazi kubwa zaidi hapa kuliko Dar es Salaam: mvuke ukifungiwa, joto hupanda kupita nyuzi 110, na maharage huiva kwa umeme usiofika uniti moja.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Mikakati ya namna hiyo huhesabu majiko yanayoingia jikoni. Yanayotoka hayana wa kuyahesabu.

Mengi hutoka kwa namna moja: leo limepika, kesho halionyeshi taa wala halitoi mlio. Mwenye nalo hudhani limeungua lote. Fundi hulipindua, hutoa sahani ya chini (baadhi ya viwanda hufunga kwa skrubu za pembe tatu, ambazo bisibisi ya kawaida haizigusi), kisha huweka mita kwenye hita. Hita ya wati 1,000 kwa volti 230 inapaswa kusoma omu 53 hivi. Ikisoma hivyo, hita ni nzima, na mshukiwa wa kwanza ni fyuzi ya joto: kidude kidogo kuliko njegere, kilichovikwa kifuko cheupe kwenye waya unaoingiza umeme. Joto likizidi kiwango chake hukatika, na hakirudi tena.

Bei ya fyuzi ni ndogo mno. Gharama iko katika kuifikia, kuitambua, na kuipata yenye nyuzi na ampea zilezile. Haichomelewi kwa risasi, kwa kuwa joto la kuchomelea laweza kuikata ikiwa mpya. Hubanwa kwa vishikizo vya chuma. Fundi asiye nayo hushawishika kuunga waya moja kwa moja. Jiko litawaka, mteja atashukuru, ila kinga ya mwisho imeondoka. Siku relei (swichi inayoilisha hita umeme) itakapogandana, hita haitazimika, na plastiki ya chini itaanza kuyeyuka.

Hata aliyeweka fyuzi sahihi hajamaliza kazi. Kwa nini ile ya kwanza ilikatika? Pengine wali umekauka juu ya kihisi joto kilicho katikati ya hita na kukizuia kucheza. Pengine mtu alimimina mchuzi kabla ya kurudisha sufuria ya ndani. Asiyeuliza atauona mzigo uleule tena baada ya siku chache.

Umeme nao una lake. Kwa miaka mingi Sumbawanga imelishwa umeme kutoka Zambia kupitia Mbala, nje ya gridi ya Taifa, na mradi wa TAZA (Tanzania–Zambia) wa kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma ndio uliobuniwa kuiunganisha. Mahali popote volti zinaposhuka hadi 180, hita ya wati 1,000 hutoa wati 610 hivi tu: chakula huchelewa, jiko halidhuriki. Kinachoua ni umeme kurudi kwa kishindo baada ya kukatika. Hapo huungua bodi, na bodi ndiyo hesabu ngumu. Majiko mawili yanayofanana kwa umbo yaweza kuwa na bodi zenye soketi tofauti. Fundi hupiga picha, huituma Kariakoo kwa simu, hulipa, kisha husubiri kifurushi kije na basi kwa safari ya kilomita zaidi ya elfu moja. Kwa jiko la bei nafuu, bodi, usafirishaji na ufundi vyaweza kukaribia bei ya jipya. Fundi mwerevu hununua mizoga na kunyofoa vipuri. Kwa maoni ya safu hii, hilo ndilo ghala la kweli la vipuri mkoani.

Ufipa wenyewe uliwahi kuwa na mnyororo mfupi zaidi wa matengenezo. Chuma kiliyeyushwa kwenye malungu, matanuri marefu ya udongo, kikasafishwa na kufuliwa palepale uwandani. Jembe lililochakaa lilirudi kwa mhunzi jirani. Presha kuka haina mhunzi jirani.

Ulaya imeanza kuwabana watengenezaji. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2024/1799 linawataka wakarabati bidhaa zao hata baada ya dhamana kwisha, lakini orodha yake ina friji na mashine za kufulia na kuoshea vyombo. Presha kuka haimo.

Mnunuzi anabaki na uchaguzi wake dukani. Jiko la vitufe vya kugusa huvutia macho. Lile la kitasa cha kuzungusha lina swichi ya saa, swichi ya presha na waya chache tu, na fundi redio yeyote mwenye mita hulisoma lote akiwa amekaa kibarazani.