Manjano mu sahani ya maabara

Wandugu, nimesoma tena moja ya zile makala ndefu juu ya mimea na kansa ya mifupa. Mchoro uko mzuri: kurkumina ya manjano inazima NF-kB, ile protini inayoamsha uvimbe ndani ya seli, na seli za osteosarkoma zinakufa. Sawa. Lakini zinakufa mu sahani! Mwilini kurkumina inavunjika mbio, kidogo sana njo inafika mu damu. Hapo mwandishi anapita na sentensi moja tu. Na Nelson na wenzake, mu Journal of Medicinal Chemistry ya 2017, walionyesha kwamba kurkumina inadanganya hata vipimo vyenyewe. Hataji.

Miye sikatai mimea. Vinkristina ilitoka ku ua la Madagaska, leo inatibu sarkoma ya Ewing. Ila ile ilitengwa, ikapimwa dozi, ikajaribiwa kwa wagonjwa.

Kondrosarkoma, ya gegedu, mara nyingi haisikii hata kemo. Upasuaji njo tegemeo. Sasa mgonjwa akisoma hiyo makala, akaahirisha kisu, akachemsha manjano miezi sita?