Mashine Isiyowaka na Bei Yake

Tangazo la mashine kuukuu ya kukata nyasi mtandaoni huwa na picha mbili tatu na neno moja linaloamua bei: inawaka, au haiwaki. Inayowaka hupandishwa bei. Isiyowaka huuzwa karibu na bei ya chuma chakavu. Hesabu hiyo imekaa kichwa chini miguu juu. Ili injini iwake inahitaji petroli, cheche na kompresheni, na viwili vya mwanzo huharibika upesi na kutengenezeka kwa gharama ndogo. Kinachoua mashine kweli ni silinda iliyolika, krankshafti iliyopinda, au bati la kufunika kisu lililooza kwa kutu, na kasoro hizo zinaweza kujificha ndani ya mashine inayonguruma vizuri mbele ya mnunuzi.

Ushahidi mzuri uko kwenye injini za Briggs & Stratton, kampuni iliyoanzishwa Milwaukee mwaka 1908, ambazo zimefungwa kwenye mashine nyingi kuukuu. Juu ya kava la injini pamegongwa namba, na muuzaji akiombwa picha ya namba hizo, mnunuzi amejua mengi kabla hajapanda gari. Msimbo unaoanza na 890512 maana yake injini ilitengenezwa tarehe 12 Mei 1989. Mwaka huo una faida ya kifundi: tangu 1982 kampuni hiyo ilianza kutumia koili ya kielektroniki badala ya platini zilizofichwa chini ya flaiwili, kwa hiyo cheche ikikosekana kwenye injini ya 1989, mara nyingi inatosha kufungua kava, kupiga msasa kutu kwenye sumaku, na kurudisha nafasi ya koili kuwa milimita 0.25 hivi, unene wa kadi ya jina.

Upande wa petroli ni rahisi zaidi, tena ndiko kwenye kosa mara nyingi. Mashine ikiachwa msimu mzima na mafuta tangini, petroli huyeyuka hewani na kubakiza ulimbo unaoziba kitundu cha kabureta, chembamba kama tundu la sindano. Nchini Uingereza, ambako petroli yenye ethanoli ya hadi asilimia 10 imekuwa ya kawaida tangu 2021, kuna jambo la ziada: ethanoli hufyonza unyevu, na maji yakikaa kwenye kabureta huila. Kipimo chake ni cha dakika moja. Toa plagi, dondosha petroli kidogo ndani ya silinda, rudisha plagi, vuta kamba. Injini ikinguruma sekunde mbili na kuzima, cheche ipo na kompresheni ipo. Kilichobaki ni kusafisha kabureta na kubadili kiwambo cha mpira kilichokakamaa. Kitundu kisichokolewe kwa waya, kwani shaba yake ni laini na kikipanuka injini itakunywa mafuta kupita kiasi. Dawa ya kupuliza na upepo vinatosha.

Mtu atasema: inayowaka angalau ina uhakika. Lakini uhakika wa nini? Injini iliyopashwa moto kabla mgeni hajafika huwaka hata ringi zikiwa zimechoka. Kompresheni hupimwa injini ikiwa baridi, waya wa plagi umeng'olewa, kishikio cha breki kimebanwa na glavu nene mkononi: zungusha kisu kinyumenyume, na kikifika kwenye mgandamizo kinapaswa kuruka kurudi kama springi. Kikipita kwa ulegevu, valvu au ringi zimekwisha, na hapo bei ya chuma chakavu ni ya haki.

Pingamizi zito zaidi linahusu kii, kile kipande cha metali laini kinachoipanga flaiwili juu ya krankshafti. Kisu kikigonga jiwe, kii hukatika na cheche hutoka wakati usio wake. Mashine haiwaki, ingawa plagi inatoa cheche. Kii ni rahisi mno, na hilo laweza kumdanganya mnunuzi wa mashine isiyowaka, kwa maana pigo lililokata kii huenda limepinda krankshafti pia. Kwa hiyo, waya wa plagi ukiwa bado nje, mashine iinuliwe kabureta ikiwa juu, mtu mwingine avute kamba taratibu, na jicho likae kwenye boliti ya kisu. Kichwa cha boliti kikizunguka mahali pamoja, nunua na ubadili kii. Kikiyumba, acha. Kabla ya kuishusha, gusa bati kwa ncha ya bisibisi pale kisu kinapotupia nyasi mbichi, maana kutu huanzia hapo. Bisibisi ikipenya, mashine ibaki kwa mwenyewe, hata kama inawaka kwa mvuto mmoja.