Jicho la Furukombe Mbele ya Daktari wa Upasuaji

Furukombe anayevua katika Ziwa Victoria kuzunguka Rubondo, hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1977 na ambayo leo imo katika Mkoa wa Geita, hutegemea macho kwa kila mlo, hivyo mtoto wa jicho, yaani ukungu wa lenzi ambao huweza kufuata pigo la kichwa, unaweza kumuua kwa njaa hata kama mabawa yake ni mazima. Ukungu huo huondolewa kwa upasuaji, ila mbinu za jicho la binadamu haziwezi kuhamishwa zilivyo.

Ugumu huanzia kwenye mboni, ambayo sharti ipanuliwe ili lenzi ifikiwe. Kwa binadamu matone ya atropini hutosha. Kwa ndege, misuli ya irisi, duara lenye rangi linaloizunguka mboni, ni ya aina ileile inayoendesha mabawa, nayo atropini haifui dafu mbele yake. Daktari hulazimika kutumia dawa ya kulegeza misuli, kama rokuroni, kwa kipimo kidogo mno, kwa sababu ikipenya mwilini huweza kuzuia pumzi. Baada ya hapo kazi hurahisika kidogo, maana lenzi ya ndege ni laini: konea hupasuliwa kidogo, lenzi huvunjwavunjwa kwa mitetemo ya sauti isiyosikika, kisha hunyonywa.

Hatari kubwa zaidi imejificha nyuma ya lenzi. Huko kuna pekteni, tishu yenye mishipa mingi ya damu iliyojikunja kama kitana, ambayo pigo likiijeruhi humwaga damu ndani ya jicho. Ndiyo maana kabla ya kisu hutangulia picha ya mawimbi ya sauti na kipimo cha umeme wa retina, kwani kusafisha lenzi mbele ya retina iliyokufa ni kumtesa ndege bure. Taarifa ya kitabibu iliyochapishwa Marekani mwaka 2007 ilieleza bundi aliyewekewa lenzi bandia katika macho yote mawili. Hata hivyo, kipimo cha kweli cha mafanikio ni ndege kuweza kuwinda mwenyewe.

Mkazi wa Geita au Shinyanga anayemwokota ndege aliyeumia jicho amweke katika boksi lenye giza na matundu ya hewa, asimnyweshe maji kwa nguvu wala kumfuga, na awaarifu maofisa wanyamapori siku hiyohiyo.