Kejeli katika Filamu ya "Chinatown"

Chinatown, filamu iliyoongozwa na Roman Polanski mwaka 1974 kwa maandishi ya Robert Towne, huhesabiwa kuwa tanzia. Sikatai, lakini mtazamaji asiyeiona kejeli yake hawezi kujua tanzia hiyo imetoka wapi.

J. J. Gittes alikuwa askari polisi katika mtaa wa Wachina mjini Los Angeles, mtaa ulioipa filamu jina lake. Tunapokutana naye, mwaka 1937, ameacha upolisi na amekuwa mpelelezi wa kukodiwa. Riziki yake ni kuwafichua wazinzi. Huvaa vizuri, husema sana, na huamini kwamba jambo likishaonekana limekwisha. Imani hiyo ndiyo inayochekwa. Anagundua kwamba maji ya mji humwagwa usiku wakati wa ukame ili watu walikubali bwawa jipya, huku wakulima wa bondeni wakinyimwa maji wauze mashamba kwa bei ya kutupa. Mhuni mmoja, naye ni Polanski mwenyewe, anampasua pua kwa kisu. Tangu hapo shujaa wetu anatembea na bendeji usoni. Wanafunzi wangu hucheka hapo, wala hawakosei: pua iliyochungulia ndiyo iliyoadhibiwa.

Kejeli kali zaidi imo katika daftari la ardhi. Mashamba yamenunuliwa kwa majina ya wazee waliomo katika nyumba ya kuwatunzia wakongwe, nao hawana habari ya utajiri wao. Mmoja alikufa, na juma moja baada ya kufa akanunua shamba! Hakuna hotuba juu ya rushwa. Karatasi ya ofisi yatosha.

Lakini Towne amempa tajiri Noah Cross, mwenye hila hiyo yote, dhambi nyingine: alizaa na binti yake, Evelyn. Hapo naona kejeli imelegea, kwani Cross amekuwa dubwana, na dubwana hamfanani mkubwa yeyote tumjuaye. Maji ya Bonde la Owens yaliletwa Los Angeles kwa mfereji uliofunguliwa mwaka 1913, na kazi ile haikuhitaji madubwana.

Mwisho wake, hata hivyo, ni sahihi. Towne alitaka mwingine. Polanski akaushikilia huu. Gittes, mikono imo pinguni, anamtaja mwenye hatia mbele ya Luteni Escobar, mwenzake wa zamani, naye anamwamuru anyamaze. Risasi ya polisi inamwua Evelyn, na Cross anamkumbatia msichana aliye binti yake na mjukuu wake pia.