"Faili" au "Tupa"? Uhakiki wa Istilahi za Matibabu ya Mzizi wa Jino

Tumeletewa rasimu ya mwongozo uliofasiriwa kwa ajili ya matabibu wa meno wa Mpanda na wilaya za jirani mkoani Katavi. Humo tabibu anaagizwa aingize "faili" katika mfereji wa mzizi wa jino. Faili ni jalada la ofisini. Chombo cha kukereza ni tupa, na mafundi wa Mpanda, mji uliopata reli kwa ajili ya mgodi wa risasi, wanaijua vyema.

Kosa hilo lachekesha tu. La pili ni zito. Tupa hizi ni za aloi ya nikeli na titani, na taarifa ya majaribio yake ya kwanza kwa kazi hii ilichapishwa mwaka 1988. Waya wa aloi hiyo hubanwa katika umbo litakiwalo na kupashwa joto la nyuzi zipatazo 500. Baadaye ukipindwa waweza kulirudia umbo hilo. Mfasiri ameiita "metali yenye kumbukumbu". Ukiongeza na faili, msomaji atadhani yumo masjala! Sisi twapendekeza "aloi rejeaumbo", kwani neno hili lamwambia tabibu atazame nini: tupa iliyoumbishwa kwa joto, ikipindika na isirejee umbo hata baada ya kutakaswa kwa mvuke, isitumike tena, isije ikakatikia ndani ya jino la mgonjwa.

Mfasiri ametumia pia "kufua". Ni neno zuri la wahunzi, lakini kufua kwahitaji nyundo, na hapa nyundo haimo. "Kuumbisha kwa joto" kwatosha.