Pongezi kwa Huiling

Wafanyabiashara wetu wanaijua Guangzhou kama mji wa kufunga mzigo: nguo, vipuri, simu, kisha kontena la Mombasa au Dar es Salaam. Huiling, shirika la mjini humo la watu wenye ulemavu wa akili, hawaijui.

Ilianzishwa mwaka 1990 na Meng Weina, Mkatoliki, ambaye mwaka 1985 alikwisha kufungua Zhiling, shule ya watoto wenye ulemavu wa akili, kwa msaada wa Caritas ya Hong Kong. Watoto hukua, shule haina nafasi ya mtu mzima. Huiling ikawatafutia nyumba za kawaida mtaani, watu wachache kila nyumba, wenye usonji wakiwemo. Wanapika, wanafua, wanakwenda sokoni.

Nawapongeza hasa kwa hilo la soko: hawafichwi. Kwetu, mtoto mwenye usonji akipiga kelele ibadani, mama huonyeshwa mlango, na hakosekani wa kuuliza laana imetoka ukoo gani. Wanafunzi wa Yesu waliuliza vivyo hivyo mbele ya kipofu, na Yesu akawakatalia. Tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani, tunavaa fulana za bluu, sawa. Jumapili inayofuata, nani atampisha mama yule kwenye benchi la mbele?